Meza ya Matundu Manne

Haya niambie, wewe uliyekaa hapo mlangoni unamaliza karanga zangu: ulishawahi kuona mashine imeliwa na mbwa? Hujawahi. Mimi nimeona. Nimeona kwa macho haya haya, hapa hapa kijijini kwetu, miaka ile ya ujamaa, na mwenye mashine kasimama katikati ya uwanja wake, kofia mkononi, anapiga mluzi.

Ndiyo, anapiga mluzi. Huyo ndiye mtu ninayetaka kukusimulia. Sisi wote tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, lakini ukilitaja hapa hakuna atakayegeuka. Ukisema Fundi, hata mzee aliyeziba masikio anageuka. Alikozaliwa sikumwuliza. Mtu anakutengenezea jembe lako, na wewe unamwuliza babu yake ni nani? Najua tu kwamba alikuwa Mwislamu wa huko pwani, na alikuwa na kibanda chake Mugumu anaziba mabeseni na kutengeneza baiskeli. Tulipokusanywa tukae kijiji kimoja, huku upande wa Busawe, na yeye akaja, na sanduku lake la vyombo na cherehani ya mke wake.

Kiswahili chake sasa! Kama cha redioni. Sisi Kiswahili tulikuwa tunakisukuma kama ng'ombe aliyekataa kuingia josho. Yeye kinamtoka chenyewe.

Na hao ng'ombe, alikuwa anawaogopa. Fikiria, mtu mzima, anaishi huku kwetu, anaogopa ng'ombe! Siku moja ndama alimfuata kwa sababu alikuwa amebeba chumvi. Fundi akaanza kutembea haraka, ndama naye haraka. Fundi akakimbia, ndama naye akaona ni mchezo. Tukamkuta amepanda juu ya benchi lake la kazi, kanzu ameishika mkononi.

"Mura, ni ndama huyo!" vijana wanamwambia, kama wanavyoitana vijana wa kwetu.

"Namwona," anasema. "Na yeye ananiona."

Mkono wake kwa vyombo ulikuwa mgumu. Nyundo ya Fundi huazimi. Ukienda kuomba nyundo, anakuja yeye pamoja na nyundo, anapigilia msumari wako, anakunywa maji, anaondoka nayo. Mume wangu alipokuwa likizo alimwambia, "Fundi, wewe ni mchoyo." Fundi akajibu, "Mimi si mchoyo. Nyundo ndiyo haipendi kutembea na wageni." Tulicheka, lakini nyundo hatukupata.

Tena alikuwa hasifii mtu. Ukifanya kitu mbele yake, neno lake ni moja tu: "Rudia." Umeosha sufuria yake? "Rudia." Mke wake ameshona suruali mpaka imenyooka? Anaigeuza, anaiangalia mshono, "Rudia." Sasa utajuaje kama amefurahi? Ngoja nikufundishe, sisi ilituchukua muda kujua. Kazi ikimwendea vibaya, Fundi anapiga mluzi. Ikienda vizuri, ananyamaza kabisa, kama mtu aliye kwenye sala. Kwa hiyo ukipita nje ya kwake ukasikia mluzi, pita. Ukisikia kimya, simama uangalie, kuna kitu kizuri kinazaliwa mle.

Sasa sikiliza ilivyoanza ile mashine, maana na mimi nimo.

Kwetu wakati ule mwanamke hanoi panga. Kufyekea, atafyekea. Kuni atakata. Lakini kulinoa, hapana, hiyo ni kazi ya mwanaume. Mwanamke akionekana ameinamia jiwe la kunolea, watu wanasema nyumba ile haina mwanaume. Na mume wangu alikuwa kambi za barabara, anakuja nyumbani siku chache halafu huyo anaondoka. Basi panga langu nalipeleka kwa shemeji, mdogo wake mume wangu. Na huyo shemeji, nisiseme uongo, alikuwa na mkono wa kunoa kuliko wote hapa. Panga alilonoa yeye linanyoa ndevu. Shida ilikuwa kumpata.

"Shemeji, nimeleta panga."

"Weka hapo, shemeji. Nikimaliza kula."

Anamaliza kula. Analala. Anaamka, anaenda kuangalia ng'ombe. Narudi kesho yake panga liko palepale, kuku amelikalia.

Na shamba la kijiji halisubiri. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake cha kufyeka kabla ya mvua. Balozi wa nyumba kumi anapita na fimbo, anaangalia, halafu kwenye mkutano jina linasomwa mbele ya watu wote. "Mama Bhoke, bado." Mimi huyo. Mkutano mwingine, "Mama Bhoke, bado." Vipande vya wenzangu vyeupe, changu kimesimama katikati na majani yake kama kichwa cha mtu asiyetaka kunyolewa. Wakaniambia nikisomwa mara ya tatu, mume wangu ataitwa aache kazi arudi, nyumba yake imemshinda mke. Mume aache kazi! Na watoto wanne, na ile kazi ameipata kwa kuomba mpaka magoti yamechubuka.

Siku hiyo natoka shambani na panga langu butu, Fundi akanisimamisha njiani.

"Bibie, hilo ni panga au mwiko?"

"Ni panga, Fundi."

"Mbona hulinoi?"

"Sisi huku wanawake hatunoi."

"Mikono mnayo?"

"Tunayo."

Akapiga mluzi. Akaondoka anapiga mluzi mpaka kwake. Kesho yake akaniita pale uwanjani. Alikuwa amelaza baiskeli mbovu chini, na mbao za mkokoteni uliovunjika. Akasema, "Wazee wenu wamewakataza jiwe. Mashine hawajaikataza, kwa sababu hawajaiona."

Unaona akili ile?

Akaanza. Alichonga sahani ya mti, mviringo, kubwa kama sinia, akaipiga randa mpaka ukiizungusha haiyumbi hata unywele. Nyuma yake akaifunga gia ndogo ya baiskeli, mnyororo, na pedali. Unakaa kwenye siti, unapiga pedali, na mbele yako sahani inazunguka imesimama wima inakuangalia. Lakini sahani ya mti itanoa nini? Alitaka vitu vikali vya kubandika juu yake. Msasa wa dukani haukupatikana. Ndipo na mimi nikasema neno langu.

"Fundi, kwetu Genkuru nilikozaliwa kuna mawe meupe. Ukiyakanyaga yanakukata mguu."

"Lete."

Nikaenda kumsalimia mama yangu, nikarudi na kikapu kimejaa mawe. Watu wakanicheka njia nzima, mwanamke anatoka kwa mama yake amebeba mawe badala ya mtama! Wanawake wenzangu wakanisaidia kuyaponda kwenye kinu, tukayachekecha kama unga. Hayo ndiyo mawe ambayo watu baadaye walikuja kuyapasua wanatafuta dhahabu. Sisi tulishayapasua zamani, tunatafuta makali.

Gundi akaipika yeye mwenyewe, kwato za ng'ombe zilizochemka mpaka zikawa uji mzito. Alipoletewa zile kwato aliuliza kama kawaida yake, "Ng'ombe huyu kachinjwa na nani?" Maana nyama ambayo hakujua kisu chake hakula. Halafu akajicheka mwenyewe. "Haya leteni tu. Gundi hailiwi."

Gundi hailiwi! Alibandika turubai kwenye sahani, akapaka gundi, akamwagia unga wetu wa mawe, akaianika juani. Alikuwa kimya siku nzima, tukajua mambo ni mazuri. Asubuhi tunaamka tunasikia mluzi. Tukakimbia. Sahani imelambwa, imetafunwa, turubai limening'inia kama ulimi, na mbwa wa balozi amelala kando anajilamba midomo. Wewe ungefanya nini? Mimi nilikaa chini nikalia. Siku za mkutano zinakaribia, na tumaini langu liko tumboni mwa mbwa.

Fundi akamaliza mluzi wake, akavaa kofia. Akasema, "Rudia." Akajiambia mwenyewe! Siku hiyo nilimpenda yule mzee. Nikajua kumbe lile neno hakuwa analitupia watu tu, hata yeye alikuwa analila.

Mara ya pili akatia pilipili kwenye gundi. Zile ndogo kali. Mbwa alikuja, alinusa, akaenda zake akiwa na adabu. Lakini na sisi ilitupata: sahani ikianza kuzunguka, kila aliye karibu anapiga chafya. Tulizoea. Ukisikia chafya kwa Fundi unajua kuna jembe linapata makali.

Sasa ngoja nikuambie kitu ambacho watu hawakukielewa. Walikuwa wanaitazama sahani, kwa sababu sahani ndiyo inazunguka na kupiga kelele. Fundi alikuwa anasema sahani ni punda tu. Mashine ni meza.

Meza ilikuwa ubao mdogo umevalishwa bati, umekaa mbele ya sahani, karibu sana, kati yake ungepitisha punje ya ulezi, mahindi hayapiti. Ilifungwa kwa bawaba, kwa hiyo inalala na kuinuka. Chini yake kulikuwa na chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, kina matundu manne. Unaingiza bolti tundu la kwanza, meza inalala kwa kisu. La pili, panga. La tatu, shoka. La nne, jembe. Hujui kusoma? Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu nikatolewa kuchunga. Kuhesabu mpaka nne nakuweza. Unalaza chombo chako juu ya meza, unakisogeza taratibu, na makali yanatoka yaleyale leo na kesho, hata kama mkono wako unatetemeka, hata kama umegombana na mtu.

Na ile mitelemko ya meza aliipata wapi? Alipita nyumba kwa nyumba na kipande cha bati, anaomba kuona vyombo vya watu. Anakisifia chombo, yeye asiyesifia! Kumbe anakipima. Anakata bati mpaka linakaa sawasawa kwenye makali, anaweka mfukoni, anaaga. Tulidhani amechanganyikiwa.

Siku ya kuonyesha mashine, mwenyekiti wa kijiji akataka kuwa wa kwanza. Mwenyekiti ni mwenyekiti, utamkatalia? Akakaa kwenye siti, akapiga pedali, akaweka panga lake upande wa kulia, ambako sahani inapanda juu. Fundi anasema, "Mwenyekiti, upande huu mwingine, unaoshuka..." Hakumaliza. Panga lilinyanyuliwa mkononi kama limeitwa, likapita juu ya vichwa, likatua kwenye debe la maji la mama mmoja. Chaa! Maji yote chini. Mwenyekiti kabaki ameshika hewa, halafu akapiga chafya.

"Mashine imekataa uongozi!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma.

Hakuumia mtu, Mungu mkubwa. Fundi alipiga mluzi mpaka jioni. Kesho yake akapigilia ubao kufunika ule upande unaopanda wote, ukabaki wazi upande unaoshuka tu, ambao unakandamiza chombo juu ya meza. "Mtu akikosea," akaniambia, "kosa ni langu. Nimemwachia nafasi ya kukosea."

Basi ukafika mkutano wenyewe, ule wa kusomwa mara ya tatu. Kipande changu kilikuwa bado, nusu. Panga butu, maana Fundi alikuwa amenifundisha kwa majembe yake ya majaribio tu, panga langu akasema lisubiri mkutano. Nimekaa nyuma na mtoto mgongoni. Kabla balozi hajafungua daftari, Fundi akasimama kando ya mashine, aliyokuja nayo mkutanoni. Yule yule asiyeazima nyundo. Akasema, "Mashine hii naitoa. Ni ya kijiji."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akafurahi.

"Lakini anayekaa nayo namchagua mimi."

Shemeji akasimama haraka, "Hapo hakuna cha kuchagua. Hapa mwenye mkono wa kunoa ni mimi, kila mtu anajua."

"Najua," Fundi akasema. "Nimemchagua Mama Bhoke."

Wewe! Ulishawahi kusikia nyuki mzingani? Ndivyo watu walivyovuma. Mzee mmoja akagonga fimbo chini. "Mwanamke hanoi panga."

"Mzee wangu, hatanoa. Yeye atapiga pedali tu. Inanoa mashine."

Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka kwa pua. Mwenyekiti akaamua: shemeji anoe panga kwa jiwe lake, mimi ninoe kwa mashine, halafu tuone.

Nikampa mwenzangu mtoto, nikajifunga kanga, nikapanda kwenye siti. Meza ikanifika kifuani. Mimi ni mfupi, unaniona, na wakati ule nilikuwa mfupi hivi hivi. Wakaanza kuguna, mwanamke hata hafiki. Fundi akaja bila haraka, akachomoa vijiti viwili kwenye nguzo za meza, zilizotobolewa juu mpaka chini, akaishusha, akavirudisha kwenye matundu ya chini. Meza ikakaa chini ya kitovu changu kama imezaliwa hapo. Akaniambia polepole, "Unadhani nilitoboa zile nguzo kwa ajili ya nani? Mimi ni mrefu."

Nikaweka bolti tundu la pili. Nikapiga pedali. Upande unaoshuka. Sahani ikaimba, cheche zikatoka, watu mstari wa mbele wakapiga chafya wote pamoja kama kwaya. Upande mmoja wa panga, nikageuza, upande wa pili. Nikageuza tena, taratibu, alivyonifundisha. Nilipoinua kichwa shemeji alikuwa bado anatemea mate jiwe lake. Nikamngojea. Nikachukua jembe la jirani nikalinoa wakati namngojea!

Mwenyekiti akalowesha mkono wake, akanyoa vinyweleo kwa panga la shemeji. Vikatoka. Akanyoa kwa langu. Vikatoka. "Yote yananyoa," akasema.

Shemeji akalichukua panga langu. Akaligeuza juani. Akalitazama sana. "Huu ni unoaji wangu," akasema. Sauti imebadilika. "Huu ni mkono wangu kabisa. Nani amekufundisha?"

"Wewe," Fundi akamjibu. "Siku ile uliyonikaribisha maziwa nikalisifia panga lako. Tundu la pili ni la kwako. Nilizunguka kijiji kizima, sikupata makali mazuri kama yale."

Nilidhani shemeji atakasirika. Alisimama pale, anamtazama Fundi, anaitazama meza, halafu uso ukafunguka. "Kwa hiyo mapanga yote ya kijiji hiki," akasema, "yananolewa na mkono wangu?"

"Yote."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

Basi, tangu siku hiyo mtetezi wangu namba moja alikuwa yeye. Mzee akija kusema mwanamke hanoi, shemeji ndiye anamjibu, "Nani anasema ananoa yeye? Hilo ni tundu langu!" Na mimi kipande changu nilikimaliza siku tatu, majani yanaanguka yenyewe. Siku ile ya kushindana balozi hakufungua tena daftari; alipolifungua mkutano uliofuata alisoma majina yote ya waliobaki, la kwangu halimo. Mume wangu hakuitwa. Barabara aliyokuwa anajenga ilifika mwisho wake naye yupo.

Wanawake walikuwa wanapanga mstari kwangu asubuhi, na majembe yao, mapanga, visu. Nikawa mtu. Wageni wa kutoka vijiji vingine walikuwa wanaletwa kuniona, kako wapi kale kamama kanakonoa? Na Fundi anapita kwa mbali na baiskeli yake, hasimami, anatazama makali ya jembe moja, "Rudia," huyo anaenda.

Watu walipoanza kurudi kwenye maboma yao ya zamani, na yeye alirudi Mugumu. Mashine ikabaki kwangu, maana kila mtu alisema ni ya Mama Bhoke. Tulikaa miaka bila kuonana. Halafu nikapelekwa Mugumu hospitali kwa ajili ya magoti, na nilipotoka nikauliza njia ya kwa Fundi. Nikamkuta kibarazani kwa binti yake, amekuwa mwembamba, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mama Bhoke."

Akafikiri. "Wa meza ya chini?"

"Huyo huyo, wa meza ya chini."

Akacheka, akanionyesha kigoda kwa mkono. Nilikuwa na kisu kwenye kikapu, cha kumenyea machungwa njiani, nimekinoa mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani. Akanyoosha mkono bila kuniomba. Nikampa. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, toka shinani mpaka kwenye ncha. Akakigeuza. Akapitisha tena. Nikangojea. Nilijiambia sasa atasema, sasa atasema rudia, na mimi mwanamke mwenye wajukuu nimebana pumzi kama msichana.

Hakusema. Hakupiga mluzi pia. Alikaa kimya, kisu juu ya paja lake, kimya kirefu mpaka binti yake akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Mimi nilijua kuna nini. Machozi yalinitoka na meno yako nje.

"Pilipili bado mnatia?" akaniuliza baadaye.

"Siku hizi tunanunua msasa dukani."

"Basi hampigi chafya."

"Hatupigi."

"Mmekosa mengi," akasema. Akanirudishia kisu, mpini mbele, kama anavyopewa fundi mwenzake.

Hatukuonana tena. Na mimi sasa magoti haya pedali hayaiwezi, na mashine iko pale stoo imefunikwa gunia. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshakuja na mizani yao, nimewafukuza na mwiko. Lakini nilikuwa nawaza, nikiondoka mimi, nani atawafukuza? Mpaka mjukuu wangu Ghati alipokuja likizo kutoka chuo cha ufundi, anasomea kuchomelea, mtoto wa kike! Akafunua gunia, akakaa mbele ya ile meza, akachomoa bolti, akairudisha tundu moja moja, yote manne. Kimya. Mimi niko mlangoni nasikiliza kile kimya, nakijua.

Halafu akageuka, akaniambia, "Bibi, nikimaliza chuo nitaifunga mota. Haya matundu manne sitayagusa. Lakini nguzo nitazitoboa chini zaidi, meza ishuke mpaka usawa wa kigoda chako. Utanoa umekaa."